"Zinaingia tu hizi", kumbe anayeingizwa mjini ni mimi

Naomba niseme hili hata kama kuna mafundi watanuna. Muuza rimu akikwambia "zinaingia tu sheikh wangu" shika pochi yako kwanza alafu ndio muendelee kuongea, maana kuingia na kukaa ni vitu viwili tofauti kabisa na mimi nimelijua hilo kwa hela yangu.

Nina Noah, gari ya kubebea watoto na viroba vya machungwa kutoka Muheza, sio gari ya mbwembwe. Ila shetani akanipitia, nikaona rimu za Benz namba 17 zimepangwa pembeni ya barabara hapa Tanga, zinang'aa mpaka unajiona sura, laki nne na nusu bila tairi. Nikauliza zitakubali kweli? Jamaa akaniangalia kama mshamba: "gari yako nati ngapi? Tano. Hizi tundu ngapi? Tano. Sasa kaka shida iko wapi?"

Shida iko hapo hapo kwenye tano. Kuhesabu nati sio kupima. Rimu hutajwa kwa namba mbili, ya kwanza idadi ya matundu, na ya pili ndio yenyewe, upana kwa milimita wa duara linalopita katikati ya matundu yote, wenyewe wanaita PCD. Premio na Allion ni 5x100, Noah na Harrier ni 5x114.3, Benz ni 5x112, BMW nyingi za zamani 5x120, Landcruiser V8 ni 5x150. Zote hizo "nati tano"! (Na hiyo pointi tatu ya 114.3 isikutishe, ni inchi nne na nusu tu imegeuzwa milimita.)

Sasa angalia hatari ilivyojificha. Ningechukua rimu ya 5x120 isingeingia, ningeudhika nikarudi nyumbani na hela yangu. Lakini 112 na 114.3 zinapishana milimita 2.3 kwenye duara zima, yaani kila bolti imekosea tundu lake kwa milimita moja na kidogo, ni kama unene wa kadi ya benki moja na nusu hivi. Ukilazimisha na spana inaingia. Na habu ya Noah, ile shingo ya katikati inayoingia kwenye rimu, ni milimita 60.1 wakati tundu la katikati la Benz ni 66.6, kwaiyo hata pale katikati rimu inateleza vizuri tu, hakuna kitu cha kukustua, kumbe haijashikwa na habu, imening'inia kwenye nati. Alafu nati zenyewe hazikai, rimu ya Benz kiti chake cha nati kimechongwa mviringo kama bakuli na zile nati nilizopewa zilikuwa za koni, kwaiyo zinagusa kwa mstari mwembamba tu.

Fundi alifunga akiwa amesimama juu ya spana kwa mguu. Nikamuona. Nikanyamaza, kwa sababu gari ilikuwa imependeza.

Jumamosi tukaenda Muheza. Mwendo wa 60 poa, 80 usukani ukaanza kutetemeka mpaka mama watoto akashika mlango, mi nikasema ni balansi tu nitafanya kesho. Karibu na Pongwe, hapo malori ya saruji yanakupita huku na huku, nikasikia tak tak tak kutoka kushoto mbele. Nikaweka pembeni. Nati mbili nilizigeuza kwa VIDOLE. Bolti moja nyuzi zake zimeliwa upande mmoja zimekuwa kama meno ya mzee. Mama watoto hakusema neno, alishusha tu watoto akaenda kukaa nao chini ya mwembe, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kelele.

Kwaiyo sasa hivi mimi naenda na venia mfukoni, kile kipimo cha taya kinachosoma mpaka vipande vya milimita, wanicheka wacheke. Kwa rimu ya tundu nne ni rahisi, unapima kati kwa kati matundu yanayotazamana. Ya tundu tano hakuna yanayotazamana, kwaiyo pima matundu mawili jirani, ukingo wa kushoto wa hili mpaka ukingo wa kushoto wa lile, alafu zidisha kwa 1.7. Ukipata kama 58.8 hiyo ni 100, 65.8 ni 112, 67.2 ni 114.3. Futi kamba haitakusaidia hapo, tofauti yenyewe ni milimita moja na nusu, ukikunja jicho kidogo tu umeshapotea. Geuza rimu pia, nyuma mara nyingi kuna maandishi ya upana na ET (yaani uso wa kufungia umekaa milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu), kuna zingine zinaandikwa mpaka PCD yenyewe. Na siku ya kufunga nati zote tano zianze kwa mkono na zizunguke kwa mkono mpaka mwisho. Moja ikidai spana mapema, vua.

Wanaosema "tuchonge tundu kidogo" sina hata cha kujibu. Anayechonga tundu la rimu ya gari inayobeba watoto huyo sio fundi.

Rimu zangu ndio zile za waja leo waondoka leo. Amezichukua kijana mmoja mwenye C-Class, kwa laki mbili na nusu, na yeye kabla hata ya salamu alichuchumaa akageuza moja akasoma nyuma. Noah imerudi kwenye rimu zake za chuma na kepu tatu, ya nne ilichomokea Kabuku.