Robert Stevenson, mwongozaji aliyefunikwa na majina ya wenzake

Muulize mtu nani alitengeneza Mary Poppins, atakujibu Disney. Robert Stevenson, Mwingereza wa Buxton aliyezaliwa 1905 na kuiongoza filamu hiyo, hatajwi. Wapo wanaosema ndivyo anavyostahili.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Stevenson alianza kuiongozea Disney filamu katika miaka ya 1950, akamaliza 1976 akiwa na 19. Kazi ilimfikia ikiwa imeshapikwa: matukio yamechorwa kwenye karatasi moja baada ya jingine, nyimbo zimetungwa na ndugu wawili wa Sherman, London nzima imepakwa rangi na mchoraji Peter Ellenshaw ndani ya studio ya California, na Walt Disney mwenyewe hapitwi na kitu. Ukizitazama filamu zake mfululizo utaona kamera isiyo na mbwembwe, basi. Walt alifariki Desemba 1966. Bedknobs and Broomsticks ya 1971, ambayo wengi wa kikosi kilekile cha Mary Poppins walishiriki, ikapwaya.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili hainiingii, na sababu ni ile sehemu ya Mary Poppins ambayo Bwana Banks, baba wa watoto, anatembea usiku, peke yake, kwenda benki kufukuzwa kazi. Hakuna dansi, hakuna katuni. Anapita kwenye ngazi za kanisa alipokuwa akikaa bibi muuza chakula cha njiwa. Ngazi ni tupu. Filamu ya watoto inamwacha baba mtu mzima na fedheha yake, wala haimharakishi. Mchoro unaweza kuonyesha mtu akipita. Apite kwa muda gani, hilo anaamua mwongozaji. Old Yeller ya 1957 nayo ina mvulana anayelazimika kumpiga risasi mbwa wake mwenye kichaa. Mwingine angetukamua machozi pale, Stevenson anatulia.

Halafu kuna The Love Bug, kile kigari cha Volkswagen chenye akili zake. Ilitoka mwishoni mwa 1968, Walt akiwa kaburini miaka miwili, na ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi Marekani 1969. Wanaomwita Stevenson kivuli cha bosi wake wanapata tabu hapo. (Herbie Rides Again, iliyoifuata 1974, tuiache ilipo.)

Ajabu ni kwamba haya yalimpata hata kabla ya Disney. Aliongoza Jane Eyre miaka ya 1940, na mpaka leo kuna wanaompa sifa za giza na ukungu wake Orson Welles, aliyetajwa humo kama mwigizaji tu. Mary Poppins ilipoteuliwa kuwania Oscar 13, ilichukua tano, mojawapo ikiwa ya Julie Andrews katika filamu yake ya kwanza. Ya mwongozaji ikaenda kwa George Cukor wa My Fair Lady. Stevenson hakuteuliwa tena.