Bastola ya Kujilinda Inapofikiwa na Mtoto

Shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, lilipochunguza kumbukumbu za mwaka 2003 hadi 2021, lilikuta watoto 1,262 wa chini ya miaka 18 waliouawa kwa risasi zilizofyatuliwa bila kukusudia. Wengi wao walifia majumbani. Pale ilipojulikana silaha ilivyokuwa imehifadhiwa, takriban tatu kati ya kila nne hazikuwa zimefungiwa, na karibu idadi hiyohiyo zilikuwa na risasi ndani. Mahali zilipokutwa mara nyingi zaidi ni karibu na kitanda.

Bunduki kuwekwa karibu na kitanda si uzembe mtupu. Mama anayelea wanawe peke yake, mbali na kituo cha polisi, amenunua bastola ili mlango ukivunjwa saa nane za usiku asihangaike na funguo gizani. Hofu yake ni ya kweli, na sheria imeitambua. Mwaka 2008, katika kesi iitwayo Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jiji la Washington, mji mkuu, iliyotaka bunduki ya nyumbani ifunguliwe vipande au ifungwe kufuli wakati wote. Wapinzani wa sheria za uhifadhi, yaani zinazomtaka mwenye silaha aiweke mahali mtoto asipoweza kuifikia, huitaja sana hukumu hiyo. Lakini humohumo majaji waliandika kwamba uamuzi wao haubatilishi sheria za kuhifadhi silaha kwa lengo la kuzuia ajali. Sehemu hiyo huachwa nje ya mjadala, na ndiyo inayowahusu watoto.

Sheria zenyewe hazilingani toka jimbo hadi jimbo. Florida ilitangulia mwaka 1989. Massachusetts inadai silaha ifungiwe, awepo mtoto au asiwepo, isipokuwa mwenyewe ameibeba au iko chini ya udhibiti wake wa karibu. Kwa hiyo yule mama anaweza kukaa nayo kiunoni. Asichoruhusiwa ni kuiacha kwenye droo aende kazini. Michigan ilianza kutekeleza sheria yake Februari 2024. Majimbo mengine humwadhibu tu mzazi aliyempa mtoto silaha kwa kutojali kabisa, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari wa watoto ulionyesha kuwa sheria zinazoadhibu uzembe wa kuhifadhi ziliambatana na upungufu wa takriban asilimia 13 wa vifo vya risasi kwa watoto wa hadi miaka 14. Zile legevu hazikuonyesha nafuu hiyo.

Kuna pingamizi jingine, na hili linaniuma zaidi: polisi hawaingii vyumbani kukagua, kwa hiyo mara nyingi sheria hufika baada ya maziko, ikamshitaki mzazi aliyekwisha kumpoteza mwanawe. Ni kweli, na waendesha mashitaka wanapaswa kulipima hilo kwa huruma. Hata hivyo, kazi kubwa ya sheria ya namna hii ni kuweka kiwango ambacho muuza bunduki, daktari wa watoto na jirani wote wanaweza kukitaja kabla ya msiba.

Wapo wanaosema tuwafundishe watoto wasiguse. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 liliwaacha wavulana wa miaka 8 hadi 12 katika chumba chenye bastola iliyofichwa kwenye droo. Wengi waliipata, wakaishika, na baadhi wakavuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa silaha. Mtu mzima hawezi kumtwisha mtoto wa miaka 8 mzigo huo.

Naunga mkono sheria kali, ila kwa sharti moja. Sefu ndogo inayofunguka kwa alama ya kidole ndani ya sekunde chache inajibu hofu ya yule mama, lakini ina bei. Jimbo linalomtishia jela lisaidie kaya maskini kuipata. Na familia zetu za Afrika Mashariki zinazoishi huko, hata zisizomiliki silaha, ziulize kabla mtoto hajaenda kucheza kwa jirani: je, kuna bunduki humo ndani, na imefungiwa wapi?