Ukoka, ndago na dawa ya majani: nani yuko sahihi hapa Tabora?

Mwezi wa nne kulikuwa na ubishi mkubwa hapa mtaani kwetu Kiloleni. Jirani yangu mmoja, dada mwenye watoto watatu, amekodi kipande cha robo eka ambacho kilikuwa kimelala miaka mingi, chote majani mpaka magotini, anataka aweke bustani auze mchicha na chainizi. Mzee mmoja wa mtaa akamwambia we piga dawa ya majani, wiki mbili tatu unapanda. Kijana mwingine akamwambia asithubutu, chakula cha watu hakitiwi sumu, ashike jembe. Wote walinifuata niamue kwa sababu nimehangaika na majani ya aina hiyo zaidi ya miaka kumi, na jibu langu halikumridhisha hata mmoja, kwa hiyo nimeona niliandike lote.

Kwanza tuelewane unapigana na majani gani, yani ukoka na ndago. Ukoka una kamba zinazotambaa juu na nyingine zinapita chini ya udongo, na kila fundo kwenye hiyo kamba ni mmea mpya unaosubiri. Chukua kipande cha urefu wa kidole kilichokatwa na jembe, kitazame baada ya siku chache kwenye udongo wenye unyevu, utakuta pale kwenye fundo pametoka ncha nyeupe kali kama sindano. Yani mtu anayekatakata ukoka kwa jembe la kawaida wakati wa mvua anaupanda upya. Ndago ndo usiseme, ukimng'oa anakuachia punje nyeusi chini, zimeungana kama shanga kwenye uzi, na ukikata ule uzi zile zilizokuwa zimelala zinaamka. Mwenye kusema "lima tu" bila kueleza unalima lini na kwa chombo gani hajamsaidia mtu.

Sasa mzee wa dawa. Ana hoja na sitaki mtu amdharau. Glaifosati, ambayo ndo dawa inayouzwa sana kwenye maduka ya pembejeo, inaingia kupitia jani bichi inashuka mpaka kwenye mizizi, inafanya kazi ambayo jembe linashindwa. Udongo hauguswi, na hapa kwetu udongo ni kichanga, ukiutifua sana mvua ya kwanza inaondoka nao. Halafu ni suala la mikono. Robo eka ni kama mita 1,000 za mraba, mtu mmoja akichimbua vizuri na kuokota kamba anaweza kumaliza mita 20 za mraba asubuhi moja, hesabu mwenyewe, asubuhi 50, na huyu dada ana watoto na ana biashara ya vitumbua. Ukimwambia bila dawa maana yake umemwambia atoe asubuhi 50 au alipe vibarua, na anayemwambia hivo mara nyingi sio anayeshika jembe.

Ila kuna jambo mzee hakulisema. Dawa hiyo inataka jani linalokua. Hapa mvua zikikata mwezi wa nne au wa tano, ikifika Juni majani yamekauka, ukipiga ni kumwaga hela chini. Itabidi usubiri mvua za Novemba, majani yachipue, upige, usubiri yanyauke, ndo upande, na hapo wenzio wameshapanda. Ule uharaka wa wiki mbili tatu unakuwepo miezi michache tu ya mwaka. Jingine ni maji. Watu wanachota maji ya dimbwi yenye tope wanachanganyia dawa, na glaifosati ikikutana na tope inashikwa, inapoteza nguvu. Hiyo hiyo tabia ya kushikwa na udongo ndo inafanya isiue mbegu zilizolala chini, kwa hiyo mwezi unaofuata unaona kijani kipya. Na soma lebo jamani! Kuna dawa za 2,4-D zinaua majani mapana tu, ukoka hauzijali kabisa, halafu nyanya ikiguswa na mabaki yake inajikunja majani na inaweza isipone.

Kuhusu afya, mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO iliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu, mamlaka ya mazingira ya Marekani ikasema haioni hivo, na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ukairuhusu tena kwa miaka 10. Wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Kinachonisumbua mimi ni ninachokiona kwa macho, mtu kavaa kandambili, bomba la mgongoni linavuja mpaka shati limelowa, akimaliza anasuuzia kwenye mtaro ambao chini yake watu wanamwagilia mboga.

Tuje kwa kijana. Anaangalia video za bustani za Uingereza, wanatandaza maboksi juu ya majani, juu yake mboji, wanapanda. Kule inafanya kazi. Mimi nimejaribu hapa, wiki ya tatu nikafunua boksi moja asubuhi, chini yake mchwa wamepaka udongo mwembamba mwekundu kote, karatasi imebaki kama chujio na ukoka unapenya kwenye matundu. Turubai jeusi linasaidia zaidi, majani yakikosa mwanga miezi kadhaa yanachoka, ila la robo eka nzima ni hela nyingi, na ndago ana ncha kali, plastiki nyembamba anaitoboa. Kuchoma moto nako ni bila kemikali na ni hasara tupu, unateketeza juu mizizi inabaki salama chini.

Kitu ambacho kimenilipa ni kalenda. Chimbua mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa bado una unyevu kidogo, kwa jembe uma (lile lenye meno) sio jembe pana, inua bonge zima, ligeuze mizizi iangalie juu, uliache. Miezi mitano ya kiangazi cha Tabora bila tone la mvua, kamba za ukoka zinakauka mpaka zinavunjika kama njiti. Baada ya mwezi rudi ugeuze tena zile zilizojificha. Fungulia kuku, watakula funza na viwavi wanaojaa kwenye udongo wa majani na ambao ndo hukata miche baadaye.

Alafu mwaka wa kwanza usipande mchicha. Hapa ndo nilipogombana na wote wawili, maana wanabishana dawa au jembe wakati swali lenyewe ni unapanda nini. Mbegu ya mchicha ni kama vumbi, haiwezi kushindana na majani yanayochipua. Wazee wa Kinyamwezi walilaza majani wakayafukia kwenye matuta, Wamatengo kule Mbinga wana mashimo yao ya ngoro, Wafipa wana matuta yao ya duara, wote wanafukia majani yaoze yawe mbolea. Ila majani makavu yakianza kuoza yanavuta naitrojeni, chakula cha mboga kwenye udongo, mboga inakuwa njano unadhani ni ugonjwa, kwa hiyo tia samadi iliyoiva (mbichi inakuletea mbegu za majani upya) na anza na kunde, maboga, na marando ya viazi vitamu. Viazi vikitambaa vinafunika chini giza, na ndago hapendi kivuli. Unachuma matembele, majani ya kunde unayakausha yanakuwa nsansa, viazi unavikata na kuvikausha vinakuwa michembe, sio kwamba mwaka umepotea. Mchicha na chainizi mwaka wa pili.

Kwa bustani ya nyumbani kwenye ardhi yako, mimi nasema bila dawa, na sisiti. Kwa huyu dada nilisita, kwa sababu amekodi msimu mmoja. Akitumia kiangazi chote kuua ukoka na mwaka wa kwanza akalima viazi, mwenye eneo akiona limesafishika anaweza kulichukua, nimeona ikitokea zaidi ya mara moja na inauma. Ndo maana nilimwambia kabla ya kununua dawa au jembe uma arudi kwa mwenye eneo waandikishane miaka mitatu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Akikataa, asichimbue hata bonge moja pale.