Wake Zangu Wanauza Samaki

Mwalimu wetu wa Kiingereza, darasa la sita, alitufundisha kwamba herufi s ni baiskeli ya nyumba: iko moja tu, akiipanda huyu, yule atembee kwa miguu. "The boy runs", kitenzi kimepanda. "The boys run", wavulana wamepanda, kitenzi kinatembea kwa miguu. Wasipande wote wawili, na isibaki uani bila mtu.

Sisi wa mtoto analia, watoto wanalia, tuliona uchawi mtupu. Herufi inayozidisha wavulana ndiyo hiyohiyo kinayopewa kitenzi cha mvulana mmoja! Halafu "news" ina s na ni moja, "police" haina na ni wengi. Mengine yote nikayaacha, nikabaki na baiskeli yangu.

Miaka mingi baadaye nikaitwa usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni, Tanga. Shati la kuazima, tai imenikaba. Meneja, Mzungu mpole, akaniuliza habari za nyumbani. Nilitaka kusema mke wangu anauza samaki.

"My wife sell..."

Masikio yakakataa. Baiskeli imebaki uani! Kitenzi kilishanitoka mdomoni, nikaona nimpandishe mke wangu. Na "wife" nilikuwa naijua barabara, inakwenda kama "knife", ile f inageuka v.

"Sorry. My wives sell fish."

Sarufi safi, hakuna mwalimu wa kuitia kalamu nyekundu. Nikakaa vizuri kitini.

Meneja akaweka kalamu yake chini. "How many?"

Nikajua anauliza samaki. Mtu wa hoteli, labda anataka tumletee. Na hilo neno "fish" nalo, moja halina s, mia halina s, halikunisaidia kitu. Nikamwambia thelathini kwa siku, na bahari ikitulia hata hamsini.

Akameza mate. Akauliza, nawamudu wote?

Nikamtoa wasiwasi: wanaobaki jioni tunawakaanga.

Mama mmoja wa ofisini aliyekaa pembeni yake akajifunika uso kwa faili, mabega yanamtikisika, kisha akaomba ruhusa akatoka. Mimi nikadhani ana mafua. Wakaniambia watanipigia simu. Mpaka leo naichaji.

Kumbe yule mama alikwenda kuchekea getini, kwa mlinzi, na mlinzi ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mimi nikarudi kwa miguu kuokoa nauli, habari ikatangulia kwa bodaboda.

Nilimkuta mke wangu juu ya mbuzi anakuna nazi, krr, krr. Hakuinua kichwa.

"Karibu, bwana. Haya, wenzangu ishirini na tisa wanalala wapi?"