Bahlul Lodi na Zulia la Delhi

Waandishi wa Kiajemi waliosimulia habari za Bahlul Lodi, Mpashtuni (yaani Mwafghani) aliyetwaa Delhi mwaka 1451 na kuasisi nasaba ya Lodi, hawachoki kurudia jambo moja: alipokutana na wakuu wa Kiafghani, sultani hakupanda kwenye kiti cha enzi, bali aliketi nao zuliani, na mmoja wao akinuna, alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akavua upanga na kuuweka mbele yake ili kumbembeleza.

Wanaomlaumu wanaona kwamba hapo ndipo ufalme ulipopata ufa. Balban, aliyetawala Delhi karibu karne mbili kabla yake, aliwalazimisha watu wamsujudie. Bahlul aliwagawia jamaa zake ardhi na heshima hadi wakajiona wabia wa dola wala si watumishi. Mjukuu wake, Ibrahim, alipotaka kuwasimamisha mbele yake mikono ikiwa imekunjwa kifuani, walimwasi, na Daulat Khan Lodi, liwali wa Punjab, akamwita Babur, mtawala wa Kabul. Mwaka 1526 Ibrahim aliuawa Panipat akipigana na Babur, na nasaba ikaishia hapo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau alichokikuta Bahlul. Sultani aliyemtangulia, Alam Shah, alikuwa amehamia Badaun, na watu walikuwa wakikejeli kwamba ufalme wake unaanzia Delhi na kukomea Palam, mahali ambapo leo pana uwanja wa ndege wa jiji hilohilo. Nguvu ya Bahlul ilikuwa ndugu na watu wa kabila lake, na jeshi la namna hiyo haliamrishwi kama watumwa. Mahmud Shah wa Jaunpur, usultani wa jirani upande wa mashariki, alipoizingira Delhi mwaka 1452, Bahlul aliomba msaada wa makabila ya milima ya Roh, nchi ya Waafghani, nao wakaja kwa sababu waliahidiwa sehemu ya neema. Vita na Jaunpur viliendelea kwa vipindi hadi alipoiteka mwaka 1479. Alitawala miaka 38, na hakuna sultani wa Delhi aliyemzidi.

Tena asidhaniwe kuwa alikuwa mnyenyekevu wa moyo. Waziri Hamid Khan, aliyemkabidhi funguo za mji, alishuhudia nyumbani kwake Waafghani wakijifanya washamba: wengine walijifunga viatu viunoni, wengine wakaviweka kwenye rafu juu ya kichwa chake, wengine wakamwomba mazulia yake wawashonee watoto kofia. Hamid Khan alicheka, akawazoea, akawaacha waingie kwake wengi wapendavyo. Siku moja mnyororo ulitolewa kwapani akafungwa. Aliambiwa kwamba hatauawa kwa kuwa chumvi yake ilikwisha kuliwa, yaani walikwisha kuwa wageni mezani pake. Huenda kisa kimetiwa chumvi nyingine na wasimulizi, lakini kinaonyesha jinsi alivyokumbukwa: mtu aliyejua faida ya kuonekana mdogo.

Kwa hiyo sioni zulia kuwa chanzo cha anguko. Mwanawe, Sikandar, aliacha zulia akarudi kuketi kwenye kiti cha enzi, akawakagua wakuu hesabu zao, na bado akatawala miaka 28 bila dola kumponyoka. Kosa la Ibrahim lilikuwa kudai utii huku akiwatia gerezani na kuwaua wale ambao babu yake alikuwa akiwafuata nyumbani. Na miongoni mwa walioingia Hindi enzi za Bahlul alikuwamo Ibrahim Khan Sur, mfanyabiashara wa farasi, ambaye mjukuu wake, Sher Shah, aliwafukuza Wamughali, nasaba ya Babur, mwaka 1540.