ALP ikipanda, msikimbilie ini

Karatasi ya maabara ikirudi na herufi H, yaani juu ya kawaida, kando ya ALP, nyumba nyingi hapa Lamu hukumu imeshapita: ini limeharibika, chemsheni mwarobaini. Lawama kubwa naipa karatasi yenyewe. Kimeng'enya hiki, fosfatasi alkali, huchapishwa chini ya kichwa "vipimo vya ini", basi msomaji afanyeje?

Mwanabiokemia Mwingereza Robert Robison alipokieleza mwaka 1923, alikuwa akichunguza mifupa ya wanyama wachanga. Seli zinazojenga mfupa zina kazi nacho kubwa: hukata pirofosfeti, ambayo ikiachwa huzuia madini kuganda, na mfupa hubaki laini. Kwenye ini kimekaa kwenye kuta za vijifereji vya nyongo. Kipo pia kwenye figo. Utumbo mwembamba una aina yake, na kondo la nyuma lina yake. Mashine ya kawaida haibagui. Hujumlisha zote na kutoa namba moja.

Ndiyo maana namba hiyo haisomeki bila kumjua mwenyewe. Mtu mzima huwa kati ya 40 na 130 hivi, kutegemea maabara. Kijana wa miaka 13 anayerefuka kila mwezi anaweza kufika 350 na akawa mzima kabisa. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho hupanda kwa sababu ya kondo, na baada ya kujifungua hushuka taratibu kwa wiki kadhaa. Mkwezi aliyeanguka mnazini akavunjika paja, ALP yake hupanda wakati mfupa unaunga. Hiyo ni habari njema. Hata biriani la harusi lina mkono wake: wenye damu ya kundi O au B, wengi wao, baada ya chakula cha mafuta aina ya utumbo huingia kwenye damu. Kwa hiyo kipimo cha kurudia kifanywe asubuhi, kabla ya mahamri na chai.

ALP ikiwa juu peke yake, omba GGT, kipimo cha kimeng'enya kingine cha ini. Hiyo haitoki mfupani. Zikipanda zote mbili, tafuta kwenye ini na njia za nyongo, na ultrasaundi ndiyo hatua inayofuata. Macho yakiwa manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka na mwili unawasha, hapo hakuna kungoja kurudia kipimo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. GGT ikiwa ya kawaida, geukia mfupa: pima kalsiamu, fosfeti na vitamini D. Jua letu ni kali, lakini mtoto anayeshinda ndani halimfai kitu, na matege huanza hivyo hivyo, vifundo vya mikono vikivimba.

ALP ya chini sana haishughulishi watu, na mimi naona ndiyo inayofichua kosa la mkono. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa yenye potasiamu ya kuzuia damu isigande. EDTA hunyakua kalsiamu, na pia zinki na magnesiamu, ambazo bila hizo kimeng'enya hakifanyi kazi. Mtoa damu akijaza ya zambarau kwanza, kisha akaona ya nyekundu imepungukiwa na kuimiminia kidogo, majibu hutoka hivi: ALP chini, kalsiamu chini, potasiamu juu ya kutisha. Mgonjwa yuko kitini anapiga soga, karatasi inasema moyo wake unakaribia kusimama. Ukiona utatu huo, usimpe dawa kwa karatasi hiyo. Chukua damu upya mara moja, ya nyekundu ianze, ya zambarau ifuate.