U-852: Utetezi wa Eck haunishawishi
Machi 13, 1944, kusini mwa Atlantiki, nyambizi ya Kijerumani U-852 iliizamisha kwa torpedo meli ya Kigiriki Peleus. Nahodha wa nyambizi, Heinz-Wilhelm Eck, hakuondoka. Kwa takriban saa tano aliamuru mabaki na vyelezo vimiminiwe risasi za rashasha na mabomu ya mkono, huku mabaharia wakiwa wamevishikilia. Watatu tu ndio waliookolewa, baada ya kuelea zaidi ya mwezi.

Mei hiyo, ndege za Waingereza kutoka Aden ziliitwanga nyambizi hiyo hadi ikakwama ufukweni Somalia. Kitabu chake cha safari kikanaswa, na Oktoba 1945 Eck na wenzake wanne wakafikishwa mahakamani Hamburg.

Utetezi wake si wa kupuuzwa. Alidai hakulenga kuua watu bali kufuta mabaki, maana ndege za doria zingeyaona na kumsaka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: nyambizi kubwa za aina yake zilichelewa kupiga mbizi, na kadhaa zilizotangulia zilikuwa zimezamishwa. Mwaka 1942, nyambizi nyingine ya Kijerumani, U-156, ilishambuliwa na ndege ya Marekani ikiwa imebeba manusura wa meli ya Laconia na kuonyesha bendera ya Msalaba Mwekundu.

Lakini mafuta yaliyotapakaa baharini hayafutiki kwa risasi. Nahodha anayeogopa ndege hulitumia giza kutokomea kwa kasi yote. Huyu alibaki akizunguka palepale.

Wanaosema hii ilikuwa haki ya washindi wana hoja nzito. Januari 1943 nyambizi ya Marekani Wahoo ilifyatulia risasi mashua za meli ya Kijapani Buyo Maru, na waliokufa walikuwemo mateka wa Kihindi. Nahodha wake alipewa nishani. Naye alistahili kizimba, ila hilo halimsafishi Eck.

Anayenitatiza ni mhandisi Hans Lenz. Alimweleza Eck waziwazi kwamba haafiki amri ile, kisha akamnyang'anya baharia Schwender rashasha na kufyatua mwenyewe. Eck, afisa wake Hoffmann na daktari wa nyambizi Weispfennig walipigwa risasi Novemba 30, 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha, na kwangu pingamizi lake halikutosha kumpunguzia adhabu: alijua ni uovu kabla hajaishika silaha.